Askari Aliyecheka Kwenye Kopo la Kakao

Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imepamba moto, mchoraji Giacomo de Andreis alichora tangazo la Banania, kinywaji cha Kifaransa cha kakao, ndizi na nafaka. Awali kampuni ilikuwa ikitumia picha ya mwanamke wa visiwa vya Antilles. Safari hii akachorwa askari mweusi wa vikosi vilivyoitwa vya Senegal, ingawa vijana wake walichukuliwa kutoka pande nyingi za Afrika Magharibi. Ameketi chini, kofia nyekundu kichwani, bunduki kailaza kando, bakuli mkononi, na anacheka meno yote nje. Kauli aliyowekewa mdomoni ilikuwa ya Kifaransa kilichovunjwa makusudi, kana kwamba ndivyo anavyozungumza.

Sidhani mchoraji alikusudia kutukana. Wakati ule Wafaransa wengi waliwasifu askari hao kwa ushujaa, na huenda aliona anawapa heshima kwa kuwaweka kwenye bidhaa ya kila nyumba. Funzo liko hapo hapo. Nia njema haikumzuia kuchora kile ambacho mnunuzi wa Paris alitaka kukiona: mtu mzima aliyegeuzwa mtoto, anayefurahia kinywaji wakati wenzake wanakufa kwenye mahandaki. Askari wa Afrika Magharibi wapatao 30,000 walipoteza maisha katika vita ile. Wala hakuna aliyewauliza waliorudi hai kama wanajitambua katika sura ile.

Mchoro ukauza sana, na kwa kuwa uliuza, ukadumu. Kadiri miaka ilivyopita mwili uliondolewa, ikabaki sura, kofia na kicheko. Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Senegal, alikitaja kicheko hicho kwa uchungu katika diwani yake ya mwaka 1948, na Frantz Fanon naye akakirudia kwenye kitabu chake cha 1952. Hata hivyo kauli ile ya Kifaransa kilichovunjwa iliendelea kuonekana kwenye baadhi ya bidhaa, mpaka mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Versailles ilipoamuru iondolewe, baada ya shirika la kupinga ubaguzi kufungua kesi. Ujerumani nako chokoleti ya Sarotti ilitumia tangu 1918 picha ya mtumishi mweusi aliyevaa kilemba; ilibadilishwa mwaka 2004, akawa mchawi wa ngozi ya dhahabu.

Nawaandikia haya wabunifu wa vifungashio wa kwetu, kwa sababu sasa chokoleti inatengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, na kila mwenye kiwanda kidogo anataka karatasi yenye “utamaduni”. Ni matakwa mazuri, nayaunga mkono kwa moyo wote. Lakini tazama kinachotokea mara nyingi. Kakao imelimwa Kyela, na Wanyakyusa, kwenye mashamba yenye migomba kando ya Ziwa Nyasa. Kwenye karatasi anachorwa Mmaasai anaruka, nyuma yake Kilimanjaro. Mmaasai hakuilima kakao ile na mlima uko mbali nayo kabisa. Amewekwa kwa sababu mtalii anamfahamu, na hiyo ndiyo sababu ile ile iliyomweka askari kwenye kopo.

Tena ukikagua mchoro kwa karibu, unajua kama mchoraji amewahi kufika shambani. Tunda la kakao huota moja kwa moja kwenye shina na matawi manene. Asiyejua hulining'iniza kwenye ncha za vijiti kama embe. Mkulima wa Kyela akiiona karatasi hiyo atajua papo hapo kwamba hakushirikishwa, na zao ni lake. Badala yake kungekuwa na mambo mangapi ya kuchora! Tunda linapopasuliwa, utelezi mweupe uliozizunguka mbegu, mbegu zinavyovundikwa chini ya majani ya mgomba, zinavyoanikwa juani na mikono inayozigeuza.

Kanga nayo huteswa vivyo hivyo. Ina pindo, mji na jina, na kila kimoja kina mahali pake. Mbunifu huikata kipande, akakitandaza kwenye karatasi isiyozidi kiganja, jina likaangukia kwenye mkunjo wa nyuma panapopakwa gundi. Nusu ya maneno imefichwa, nusu imebaki haina maana. Mama wa Tanga au Mombasa, ambaye humchagulia mtu kanga kwa kusoma jina kwanza, atashika chokoleti hiyo na kuona nguo yake imekatwa ulimi.

Na wapo wanaochukua chui au ndege wa Tingatinga mtandaoni na kumbandika. Edward Saidi Tingatinga alianza mtindo huo wa uchoraji Dar es Salaam mwaka 1968 na alifariki 1972, lakini wachoraji waliorithi kazi yake wana chama chao cha ushirika, na karakana yao iko Oysterbay. Wanachora kila siku na wanalipwa kwa kazi. Kuwaiga huku wapo mlangoni ni kuwanyima riziki. Kenya imekwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inataka jamii husika iridhie kwanza kabla mtu hajaitumia kazi yake kibiashara.

Kama una mchoro wa chokoleti unaokaribia kwenda kwa mchapaji, usiupeleke bado. Tafuta wale uliowachora, uwape karatasi mkononi, nyamaza waiseme. Wakikwambia kitu kimekosewa, kirekebishe. Wakikataa, chora kingine. Wakikubali, andika majina yao nyuma ya karatasi na uwalipe.