Mapezi na Magamba: Alama Ambazo Kila Mtu Aweza Kuziona

Soma: Mwanzo 1:20–25, 2:19, 20, 7:2, Mambo ya Walawi 11:1–19, Matendo 10:9–28, 1 Samweli 16:6, 7.

Ngalawa zinapofika pwani ya Mbweni asubuhi, kazi ya kwanza ni kuchambua. Changu huwekwa na changu, tasi na tasi, vibua upande wao. Pweza na ngisi hutengwa kwenye ndoo nyingine. Hakuna anayefungua kitabu. Wachuuzi hutazama umbo, ngozi, mapezi na mkia, na bei hupangwa hapo hapo.

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Katika Mwanzo 1 Mungu aliumba viumbe vya majini, vya angani na vya nchi kavu, kila kimoja kwa jinsi yake. Kisha akamletea Adamu wanyama ili awape majina. Hakuna awezaye kutoa jina lifaalo bila kwanza kutazama kwa makini.

Hata wasomi wamehitaji kutazama zaidi ya mara moja. Carl Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1735, alimweka nyangumi pamoja na samaki. Katika toleo la mwaka 1758 alimhamisha. Nyangumi huishi majini na ana umbo la samaki, lakini hupumua kwa mapafu, huzaa na hunyonyesha. Ndivyo walivyo pia pomboo na nguva wa bahari yetu. Alama inayoonekana kwanza si lazima iwe ndiyo inayoamua.

Soma Mambo ya Walawi 11:9–12. Ni alama zipi mbili zinazotajwa, na je, moja peke yake inatosha?

Mungu hakuwapa Israeli orodha ndefu ya majina ya samaki. Aliwapa alama mbili, mapezi na magamba, na zote mbili ziwepo. Mkunga ana pezi refu mgongoni, lakini ngozi yake ni tupu, haina magamba. Pweza hana hata moja. Mvuvi asiyejua kusoma aweza kuzikagua alama hizi, na mama akiwa jikoni na kisu mkononi aweza pia. Sheria ya chakula haikuachwa mikononi mwa wataalamu. Wala haikuanzia Sinai, maana Nuhu alijua tofauti ya wanyama safi na wasio safi kabla hajaingia safinani (Mwanzo 7:2).

Wengine husumbuka wakisoma kwamba popo ametajwa pamoja na ndege (Walawi 11:19), ilhali sayansi humweka pamoja na wanyama wanaonyonyesha. Hapa hakuna ugomvi. Kila mgawanyo hujibu swali lake. Mwanasayansi anauliza mwili wa kiumbe umejengwaje. Musa anajibu ni kiumbe gani kati ya wanaoruka asiletwe mezani.

Alama hizo hazibadiliki kwa sababu watu wamebadili mawazo. Kwa muda mrefu wanasayansi walimjua samaki aitwaye silakanti kwa visukuku tu, wakaamini ametoweka kabisa. Desemba 1938, huko East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia jumba la makumbusho, alimwona miongoni mwa samaki waliovuliwa. Alichora picha na kuituma kwa J.L.B. Smith, naye akamtambua kwa magamba yake mazito na mapezi yake yenye mashina ya nyama. Mwaka 2003 samaki wa aina hiyo alivuliwa pia Songo Mnara, Kilwa. Dunia ilisema hayupo, kumbe alikuwa baharini na alama zake zote.

Soma Matendo 10:28. Petro alielewa kwamba maono yale yalimhusu nani?

Hapa ndipo hatari ilipo. Yeye aliyezoea kugawa samaki aweza kuanza kugawa watu. Petro hakuambiwa kwamba pweza sasa ni chakula; alifundishwa kwamba asimwite mtu yeyote najisi.

Tufikirie mama anayeuza supu ya pweza jioni kando ya barabara. Ada ya watoto inatoka kwenye sufuria ile. Sabato moja anaingia darasani na kuketi benchi la nyuma. Darasa likinyamaza juu ya Walawi 11, litakuwa limemnyima ukweli. Likimwambia ukweli huku likisogea mbali naye, litakuwa limemhesabu pamoja na pweza wake. Kuna njia ya tatu: kujifunza naye Neno bila haraka, kisha kumsaidia kupata mtaji wa kuuza changu au vibua, ili utii usiwanyime watoto wake shule.

Samaki hutambuliwa kwa ngozi yake. Mtu sivyo. Samweli, nabii mzima, alimtazama Eliabu kwa urefu na sura akakaribia kukosea. Bwana hutazama moyo. Sisi tunaweza kuona matunda tu (Mathayo 7:15–20), na matunda huhitaji muda, mvua na mkulima mvumilivu.

Maswali ya Kujadili

1. Jirani Mwislamu akikuuliza kwa nini huli pweza, utamjibuje kwa upole na heshima? (1 Petro 3:15)
2. Ni alama gani za nje, kama mavazi, lafudhi au kazi, ambazo darasa lenu huzitumia kuwapanga wageni?
3. Je, yupo mtu ambaye riziki yake inamzuia kuufuata ukweli anaoujua? Darasa lenu laweza kumsaidiaje kabla ya robo hii kwisha?