Mwaka wa Mnyama na Mtoto wa Mungu

Hapo zamani, katika nchi nyingi za Afrika, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya meno ya chini aliitwa kigego. Hakuwa ametenda neno lolote baya. Hata jina la mama yake alikuwa hajajua kulitamka. Lakini wazee walitikisa vichwa, wakasema: Huyu ataleta mkosi nyumbani. Na kwingine mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Mama yake alilia usiku, na asubuhi hakuthubutu kusema kitu.

Watu wengine hudhani kwamba hofu kama hii ni ya vijiji vya Afrika tu, nayo huondoka mara mtu ajuapo kusoma na kupanda gari la moshi. Sivyo. Mbali sana, upande wa mashariki, katika Uchina na nchi zilizo jirani nayo, wako watu wenye elimu nyingi, wenye miji mikubwa na mashine za kila namna. Hata hivyo wengi wao, mtoto azaliwapo, huuliza: Mwaka huu ni wa mnyama gani? Yafaa kuzijua habari hizi, si kwa kuwacheka wenzetu, bali ili kila mtu aupime moyo wake mwenyewe.

1. Wanyama kumi na wawili

Tangu zamani Wachina huihesabu miaka kwa mafungu ya miaka 12, na kila mwaka katika fungu una mnyama wake. Wa kwanza ni panya. Humfuata ng'ombe, kisha chui milia, mnyama mkali wa Asia asiyepatikana katika misitu ya Afrika. Kisha huja sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, kima, jogoo, mbwa, na wa mwisho ni nguruwe. Baada ya nguruwe hesabu humrudia panya. Mwaka wao hauanzi tarehe 1 Januari, bali huanza kwa mwezi mwandamo, mwishoni mwa Januari au katika Februari.

Wazee wao husimulia hadithi yake. Mfalme wa mbinguni, wasema, aliwaita wanyama washindane mbio na kuvuka mto. Ng'ombe aliondoka mapema, maana aliujua mwendo wake kuwa ni wa polepole. Panya akamrukia mgongoni, akanyamaza njia nzima. Nao walipokaribia mlango, akaruka mbele, akawa wa kwanza. Nguruwe alikawia njiani kwa kula na kulala, akafika wa mwisho. Paka hakupata nafasi, kwa sababu panya alimdanganya. Ndiyo maana paka humwinda panya hata leo. Yeyote aliyesikiliza hadithi za sungura na fisi jioni kando ya moto ataifurahia hadithi hii. Hakuna dhambi katika kuisimulia.

Lakini habari hazikukoma kwenye mbio. Watu walianza kusema kwamba kila mtu hupokea tabia ya mnyama wa mwaka wake. Aliyezaliwa mwaka wa panya atakuwa mwerevu na mwenye kuweka akiba. Wa ng'ombe atakuwa mvumilivu na mkaidi. Wa chui milia ni shujaa mwenye hasira, wa sungura ni mpole na mwangalifu, wa joka ana nguvu na bahati kupita wote. Wa nyoka ana hekima na siri nyingi. Wa farasi ni mchangamfu, hapendi kufungwa. Wa mbuzi ni mtulivu mwenye mikono ya ufundi, wa kima ni mjanja, wa jogoo hujivuna, wa mbwa ni mwaminifu, na wa nguruwe ni mkarimu apendaye raha. Tena husemwa kwamba mwaka fulani haupatani na mwaka fulani, na kwa ajili hiyo posa nyingi zimekataliwa, hata kama kijana na msichana walipendana kwa moyo safi.

2. Hesabu isiyosimama

Mwenye akili na aulize: Je, mambo haya ni kweli?

Wa kwanza kuuliza hawakuwa Wakristu. Huko huko Uchina palikuwa na mtu mwenye elimu aitwaye Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 baada ya Kristu, wala hakupata kuisikia Injili. Walimu wa wakati wake walifundisha kwamba panya ni wa maji na farasi ni wa moto, na maji hushinda moto. Tena jogoo ni wa chuma na sungura ni wa mti, na chuma hukata mti. Wang Chong akauliza: Ikiwa ndivyo, mbona panya hamfukuzi farasi? Mbona jogoo hamdonoi sungura mpaka amshinde? Alitumia akili tu, ile taa ambayo Mungu amempa kila mtu, nayo ikamtosha kuona.

Tena watu wa Vietnam, jirani za Wachina, hufuata hesabu ile ile. Lakini mahali pa sungura wao humweka paka, na mahali pa ng'ombe humweka nyati wa kufugwa. Basi watoto wawili wakizaliwa siku moja katika mwaka 1975, mmoja upande huu wa mpaka na mmoja upande wa pili, yule wa kwanza ataitwa sungura na yule wa pili paka! Tena katika hadithi za Afrika sungura si mpole hata kidogo; ndiye mdanganyifu wa wote, amshindaye tembo na simba kwa hila. Mnyama ni yule yule, lakini tabia hubadilika kwa kadiri ya msimuliaji. Ni wazi kwamba tabia hiyo haikutoka katika damu ya mtoto. Imetoka kinywani mwa watu.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Tagaste, nchi iitwayo leo Aljeria, alisumbuliwa katika ujana wake na jambo lililo karibu na hili, maana aliwaamini wale waaguao kwa nyota. Rafiki yake mmoja, Firminus, akamsimulia habari ya kuzaliwa kwake. Saa ile ile mama yake alipojifungua, mjakazi katika nyumba ya rafiki ya baba yake alijifungua naye. Kila nyumba ilituma mjumbe kupeleka habari, na wale wajumbe wakakutana katikati ya njia. Saa ilikuwa moja, na nyota zilikuwa zile zile. Lakini Firminus alikua katika mali na heshima, na mwana wa mjakazi akabaki mtumwa. Augustino akaona kwamba wasomao nyota hawakuwa na neno la kweli la kumwambia. Naye aliyekuwa amepotea hivyo akawa Askofu wa Hipo na mwalimu mkuu wa Kanisa.

3. Mabinti wa Farasi wa Moto

Pengine mtu atasema: Ni mchezo tu, wamdhuru nani? Na asikilize habari ya Japani, nchi iliyopokea hesabu hii kutoka kwa Wachina.

Zaidi ya mnyama, kila mwaka hupewa tena kitu kimoja kati ya vitano: mti, moto, udongo, chuma na maji. Kwa hiyo mwaka wa Farasi wa Moto hurudi mara moja tu katika miaka 60. Na Wajapani wa zamani walisema kwamba msichana azaliwaye katika mwaka huo atakuwa mkali kupita kiasi, naye atamwua mumewe. Walimtaja msichana mmoja, Oshichi, aliyechomwa mwaka 1683 kwa kosa la kutia moto nyumba kwa sababu ya mapenzi. Nao wakasema alizaliwa mwaka wa Farasi wa Moto.

Ulipokuja mwaka 1906, wazazi wengine waliozaa binti walidanganya mbele ya karani wa serikali, wakamwandikisha kana kwamba alizaliwa mwaka wa nyuma au mwaka wa mbele. Na mabinti ambao mwaka wao ulijulikana, walipofikia umri wa kuolewa, wengi walikataliwa posa. Hawakuwa wameua mtu. Walikuwa wamezaliwa tu.

Kisha ukaja mwaka 1966. Wakati ule Japani ilikuwa nchi ya viwanda, yenye shule kila mahali na magari ya moshi yapitayo mengine yote kwa mbio. Katika mwaka 1965 walizaliwa watoto zaidi ya 1,820,000. Katika mwaka 1966 walizaliwa kadiri ya 1,360,000 tu. Katika mwaka 1967 hesabu ilipanda tena, ikapita 1,930,000. Hapakuwa na vita mwaka ule, wala njaa, wala tauni. Ni hofu ya farasi asiyekuwako. Wazazi wengi waliahirisha kuzaa, na wengine waliharibu mimba. Tazameni, wapendwa, jinsi neno dogo lililosimuliwa kama hadithi lilivyoweza kusimama mlangoni pa nyumba na kumzuia mtoto asiingie.

Na wale mabinti waliozaliwa mwaka 1966, je, waliwaua waume zao? Mmoja wao ajulikana na watu wote: Kiko, aliyezaliwa mwezi wa Septemba mwaka ule. Mwaka 1990 aliolewa na mwana wa Mfalme wa Japani. Mwaka 2006 alimzaa Hisahito, mtoto mwanamume wa kwanza katika jamaa ya kifalme baada ya miaka 40. Binti wa Farasi wa Moto hakuleta mkosi katika nyumba ya mfalme, alileta mrithi.

Mwaka 2026 nao ni wa Farasi wa Moto. Kila mtoto wa kike azaliwaye ndani yake hana kosa lolote.

4. Watoto wa joka

Wengine watasema: Hofu ni mbaya, lakini bahati yafaa. Katika kisiwa cha Taiwan, mwaka 2010 uliokuwa wa chui milia walizaliwa watoto kadiri ya 166,000. Mwaka 2012 uliokuwa wa joka wakazaliwa kadiri ya 229,000. Wengi walimtaka mtoto wa joka, mwenye bahati. Lakini wazaliwapo wengi kwa mara moja, hugombea nafasi shuleni, na baadaye hugombea kazi.

Hata hivyo, wataalamu waliopeleleza habari za watoto wa joka huko Uchina, wakaiandika mwaka 2017, waliona kwamba watoto hao hufaulu mitihani kuliko wengine. Je, joka limewapa akili? La. Wataalamu waliona kwamba wazazi wao walitumaini makubwa kwao, wakawapa fedha zaidi na kuwapunguzia kazi za nyumbani. Basi si joka lililowainua, bali mkono wa baba na mama. Na kama mkono huo waweza kumwinua mtoto aliyeitwa mwenye bahati, je, mtoto aitwaye mkosi tangu siku ya kwanza atakuaje? Atasikia neno hilo kila siku, mpaka alisadiki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

5. Mafundisho ya Bwana

Siku moja wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu. Wakamwuliza Bwana Yezu kosa ni la nani, la mtu yule au la wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili, kisha akamponya. Hakuuliza alizaliwa lini.

Bwana wetu naye alitaja wanyama katika mafundisho yake. Lakini aliwataka wanafunzi wale wale wawe na busara kama nyoka na unyofu kama njiwa, vyote viwili kwa pamoja. Maana yake, tabia njema si mnyama ambaye mtu huzaliwa naye, bali ni njia ambayo mtu huichagua na kuishika kwa neema ya Mungu. Saulo aliwatesa Wakristu; Paulo aliwatumikia hata kufa. Mwaka wake wa kuzaliwa haukubadilika. Moyo wake ndio uliobadilika.

Kwa hiyo Kanisa halikatazi kuhesabu miaka kwa desturi ya nchi, wala kufurahia sikukuu. Wakristu wa Vietnam huja kanisani wakati wa mwaka mpya wa mwezi mwandamo; siku ya kwanza huombea amani, siku ya pili huwaombea wazee na jamaa waliokufa, siku ya tatu huombea kazi zao. Kinachokatazwa na amri ya kwanza ni kumpa mnyama, nyota, meno au siku ile enzi iliyo ya Mungu peke yake, na kwa ajili hiyo kumtupa mtu aliyeumbwa kwa mfano wake.

Kila mkatekumeni na aitafute nyumba yake. Je, yumo mtoto aitwaye mkosi? Je, yuko mjane asingiziwaye kifo cha mumewe? Je, kuna posa iliyokataliwa kwa sababu ya ndoto au mlio wa ndege? Na aanze hapo. Siku ile atakaposimama mlangoni pa kanisa kubatizwa, padri atamwuliza jina lake. Hatauliza mnyama wa mwaka wake. Na jina hilo Mungu alilijua kabla mama yake hajalijua.

Maswali

Swali: Je, mwaka wa kuzaliwa waweza kumfanya mtu kuwa mwema au mbaya?
Jibu: Hauwezi. Mungu amempa kila mtu hiari, na neema yake yatosha.

Swali: Je, ni dhambi kusimulia hadithi za wanyama?
Jibu: Si dhambi. Dhambi ni kuzisadiki kana kwamba zina enzi juu ya watu.

Swali: Mkristu amtendeje mtoto anayeogopwa na jirani?
Jibu: Ampokee, ampe chakula na jina jema, amlete kubatizwa.