Mtoto Anapolia Usiku



Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kinatupa habari za mtoto wa miezi mitatu aliyewekwa mtoni ndani ya kisafina. Binti wa Farao alipokifungua alimkuta akilia. Na tuangalie alivyofanya. Hakuuliza ni nani aliyemroga, wala hakumlaumu mama yake. Alimwonea huruma, kisha akakubali atafutiwe mlezi wa kumnyonyesha. Kilio ndicho kilichomwokoa Musa.

Katika nyumba zetu, Korogwe na Handeni, mtoto akilia usiku kucha maneno huwa mengi. Bibi atasema ni mchango, jirani atasema ni jicho la watu, naye baba atageukia ukutani na kusema, "Mnyamazishe mwanao." Mwanao! Kana kwamba siku ya ubatizo aliletwa na mtu mmoja.

Ndugu zangu, kulia ndiyo lugha ya mtoto mchanga. Wengi wenye afya njema hulia sana katika majuma ya kwanza, zaidi karibu na juma la 6, na hutulia wafikapo miezi mitatu au minne. Tumbo likimsumbua, tumweke begani na kumpapasa mgongo hadi acheue. Tumbebe, tumwimbie taratibu. Maji, uji na dawa za mitishamba tusimpe. Hadi miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha. Na uchovu ukituzidi, tusimtikise kamwe, kwa maana ubongo wake waweza kuumia. Afadhali tumlaze mahali salama, tupumue kidogo, au mwingine ampokee.

Meno nayo huanza kutoka yapata mwezi wa 6, mengine mapema, mengine baadaye. Ufizi huwasha, udenda humtoka, usingizi hukatika. Tumsugue ufizi kwa kidole kilichonawiwa vizuri, au tumpe kitambaa safi kilicholowa maji baridi yaliyochemshwa akitafune.

Hapa ndipo tunapowasihi kwa machozi. Tangu miaka ya 1980 nchi yetu imesikia habari za "meno ya plastiki", yanayosingiziwa kuleta homa na kuharisha. Hakuna meno ya namna hiyo. Ule uvimbe mweupe kwenye ufizi ni jino la kweli linalokua, kama Mungu alivyoliumba. Wanaoling'oa kwa kisu au spoku ya baiskeli humletea mtoto kutokwa damu, pepopunda, hata kifo. Na wakati huo ugonjwa wenyewe unaendelea bila kutibiwa.

Jino haliwashi homa kali. Homa kwetu yaweza kuwa malaria. Watoto wa Korogwe walishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria yaliyofanyika kati ya 2009 na 2014, nayo chanjo hiyo ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Basi mtoto akiwa na homa, degedege, akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akiharisha, au choo kikiwa na damu, tusingoje kupambazuke. Tumpeleke zahanati au hospitali. Kwenda huko si kukosa imani, maana hata huruma ya binti Farao haikuishia kwenye machozi. Ilimtafutia mtoto msaada.

Akiwa mzima, tumlaze chali, ndani ya chandarua chenye dawa. Na mama naye alale. Baba apokee zamu. Wasimamizi wa ubatizo, kazi yenu haikuishia kushika mshumaa kanisani. Akina mama wa Umoja, mkimtembelea mzazi msiende na maswali tu; chukueni ndoo mkamtekee maji, mshikeni mtoto apate saa moja ya usingizi.

Mungu wetu hasinzii wala halali. Anayekesha na mtoto anayelia usiku wa manane hakeshi peke yake. Basi tusiwaache mama zetu wakeshe kana kwamba Kanisa limelala.

Bwana awape amani nyumbani mwenu. Amina.