Kutengeneza na Kunyamazisha

Mtu akisema, "Kitu hiki ni changu," aghalabu hukusudia haki: haki ya kukitumia, kukiuza, kukiazimisha au kukitupa. Ni nadra kukusudia wajibu. Walakini hapana mali isiyo na madai yake. Mkeka hudai kukung'utwa, ng'ombe hudai malisho, na nyumba hudai kuezekwa. Kadiri kitu kilivyo na nguvu ya kufaa ndivyo kilivyo na nguvu ya kudhuru, na ndivyo madai yake kwa mwenyewe yanavyozidi. Katika insha hii nataka kulichunguza dai moja tu, nalo ni hili: mali yetu inapolalamika, twadaiwa nini? Yatupasa kuondoa ubovu, ama yatosha kuondoa lalamiko? Mfano wangu ni jiko la umeme, kwa kuwa katika chombo hiki swali hilo huweza kuwa la uhai na kifo.

Moto wa kuni hutangaza hatari yake. Una rangi, una sauti, na moshi wake humliza mtu machozi kabla hajakaribia. Hata mtoto hujifunza kuuogopa kwa siku moja. Umeme hauna tabia hiyo. Jiko laweza kuwa baridi, safi na la kupendeza macho, na gamba lake la chuma likawa limebeba nguvu ya kumuua anayeligusa. Jambo hili si la watu wachache tena. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Na umeme ni mmojawapo wa njia zake. Ni habari njema kwa misitu na kwa mapafu ya wapishi. Lakini kila nyumba inayoacha mafiga huacha hatari inayoonekana na kupokea hatari iliyofichika, na hatari iliyofichika hutaka uaminifu zaidi.

Na tulitazame jiko lenyewe. Katika jiko la namna ya kawaida, pleti huwa ni bomba jembamba la chuma lililojikunja kama nyoka. Ndani ya bomba umelazwa waya wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Mmarekani Albert Marsh alipata hataza yake mwaka 1906. Waya huo huupinga umeme, na kwa kupinga huko huwa mwekundu kwa joto pasipo kuungua upesi. Kati ya waya na bomba umeshindiliwa unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu, ambao hupitisha joto na kuzuia umeme. Unga huo ndio ukuta uliopo baina ya sufuria ya mpishi na nguvu ya volti 230.

Chombo hiki kina ulafi. Pleti moja ya wati 2,000 hunywa karibu ampea 9. Jiko la pleti nne lenye wati 7,000 hunywa ampea 30 zikiwashwa zote, ilhali plagi zetu za miguu mitatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Kwa hiyo jiko kubwa halifai kuchomekwa katika soketi. Hutaka njia yake lenyewe kutoka katika ubao wa umeme, waya mnene, aghalabu wa milimita 6 za mraba, na breka yake. Hutaka tena kila skrubu ikazwe. Kiungo kilicholegea, chenye upinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, kikipitiwa na ampea 30 hutoa wati 90 za joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Plastiki huyeyuka polepole, na hapana ajuaye mpaka nyumba inuke.

Katika nyaya zote ziendazo jikoni, mmoja ni wa ajabu. Ni ule wa kijani wenye mistari ya manjano, waya wa ardhi, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Wenzake hufanya kazi kila siku; huu haufanyi kazi yo yote. Umefungwa kwenye gamba la jiko, na upande wa pili umekwenda udongoni. Waweza kukaa miaka ishirini bila kupitiwa na umeme. Maji huchemka sawasawa ukiwapo au usipokuwapo. Lakini siku umeme utakapovuja na kufika kwenye gamba, waya huo huupokea na kuupeleka ardhini, na breka iliyotengenezwa kwa ajili ya kunusa uvujaji, aghalabu wa miliampea 30, hukata papo hapo. Kukatika huko ndiko kulalamika kwa jiko.

Sasa tuone ubovu mmoja ambao ni wa kawaida. Unga ule wa magnesiamu hupenda maji. Jiko likikaa bila kuwashwa kwa muda, hasa katika majira ya mvua au katika hewa ya pwani, unyevu huingia kupitia ncha za pleti, na ukuta ule wa unga hupungua nguvu. Mwenye nyumba akiwasha, breka hukatika. Akirudisha, hukatika tena. Chakula kimelala, watoto wana njaa, na fundi anaitwa.

Fundi wa kwanza hukata umeme kwenye ubao, maana ajua kwamba kuzima kitufe cha jiko si kukata umeme. Hufungua kifuniko, hutenga pleti moja moja, huzipima, na kuikuta iliyo na ila. Ikiwa ni unyevu tu, huikausha kwa moto mdogo na kuipima tena. Ikiwa imepasuka, huibadilisha. Kazi hiyo ina skrubu nyingi na yataka saa nzima au zaidi. Fundi wa pili hufungua skrubu moja tu. Hulegeza waya wa kijani, huukunja, huusokomeza pembeni na kurudisha kifuniko. Breka haikatiki tena. Sufuria yachemka, mwenye nyumba hufurahi, malipo ni nusu, na sifa ni maradufu. Lakini umeme ungali unavuja, nao umebaki bila njia. Unangoja mwili wa mtu uwe waya. Na fundi wa namna hii hakawii kuiruka breka yenyewe pia, ikimsumbua tena.

Katika kitabu chake cha Jamhuri, Plato ameandika habari za pete ya Gyges iliyomfanya mvaaji asionekane, na swali lake ni kama mtu angedumu kuwa mwadilifu akiwa nayo. Kila fundi umeme anayo pete hiyo. Kifuniko cha jiko na plasta ya ukuta humficha. Mteja huona maji yanayochemka, wala hana macho ya kuona zaidi.

Watetezi wa kazi ya fundi wa pili hawakosi maneno. La kwanza ni la mwenye nyumba: jiko ni langu, na hatari ni yangu. Jibu lake ni kutazama nani husimama jikoni. Aghalabu ni mama, ni binti wa kazi, ni mpangaji, ni mtoto aliyetumwa kuepua chungu, naye yu miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji iliyolowa maji. Mtu huweza kuwa na hati ya jiko. Hati ya uhai wa anayepika hana. Hawezi kuitoa hatari hiyo kuwa yake huku akiiweka mikononi mwa mwingine asiyeambiwa.

Neno la pili ni kwamba hapana aliyedhurika. Yaweza kuwa kweli kwa miaka mingi. Lakini tukipima matendo kwa bahati njema, tutamsifu mlevi aliyefika salama na gari lake. Kosa halikungoja maiti ili liwe kosa. Lilitimia siku skrubu ilipozungushwa. Yaliyobaki ni kudra.

Neno la tatu ni zito kuliko yote, nalo ni umaskini. Watu wengi hawana fedha za pleti mpya, na fundi akikataa, ataitwa mwingine. Siwezi kulidharau neno hili, maana njaa haingoji kanuni. Walakini tazama vema: fundi mwaminifu anayo njia ya tatu. Aweza kuifungua pleti mbovu, akaitenga kabisa, akaacha waya wa ardhi mahali pake, na kusema, "Pleti hii imekufa. Pika kwa tatu zilizobaki mpaka upate fedha." Pleti mpya haikununuliwa, na nyumba imebaki salama. Kilichopungua ni raha, na ukweli umebaki mzima. Umaskini, basi, huweza kumlazimisha mtu apike kwa pleti tatu, au arudi kwenye mkaa kwa mwezi mmoja, haumlazimishi kudanganya.

Je, mwenye nyumba asiyejua nyaya ana lawama gani? Nchini Tanzania leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na nchini Kenya na EPRA. Mtu na aitake leseni hiyo. Lakini leseni hushuhudia ujuzi wa mkono, haishuhudii moyo. Mwenye nyumba anayo sehemu yake, na sehemu hiyo ni swali moja: "Umekuta nini?" Aliyetengeneza huweza kuonyesha ubovu kwa kidole. Aliyenyamazisha huonyesha sufuria inayochemka. Tena tukiri kwamba sisi wateja tunaufuga udanganyifu huu wenyewe. Twalipa kwa hiari kipuri kinachoshikika, lakini saa ya kutafuta twaiona bure, twaipigia bei na kuinung'unikia. Asiyetaka kulipa kutafutwa kwa ubovu amekwisha agiza kufichwa kwake, ijapokuwa hakutamka.

Jambo hili limevuka mipaka ya jikoni. Mgonjwa anayemeza dawa ya maumivu mwezi baada ya mwezi bila kuuliza chanzo, mkubwa wa ofisi anayemhamisha karani aliyefichua upungufu wa fedha, na mzazi anayempiga mtoto aliyesema kweli mbele ya wageni, wote wamelegeza waya wa kijani. Kimya kilichofuata wamekiita amani. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na maneno yao hayakuwahusu wagonjwa peke yao.

Kwa hiyo lalamiko la chombo ni sehemu ya uzima wake. Jiko linalokata umeme wakati linapovuja ni jiko linalomstahi mpishi. Anayelirudishia uzima wake ametengeneza. Anayeliondolea sauti ameliharibu mara mbili, maana ameuacha ubovu na kuliondoa onyo. Na mwenye mali anayelijua jambo hilo akakaa kimya, au akaliuza jiko hilo kwa jirani kama zima, ni mshiriki wa tendo hata kama mkono wake haukushika bisibisi.