Barafu Iliyokwisha: Mlima Elgon na Ushahidi Usio na Shahidi

Mlima Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu huuita Masaba, hauna barafu. Kutoka Kitale, upande wa mashariki, au kutoka Kimilili na Chwele katika kaunti ya Bungoma, upande wa kusini, huonekana mashamba ya mahindi, kisha msitu, kisha mianzi, na juu kabisa nyika baridi yenye majabali. Hata hivyo wanajiolojia husema kwa yakini kwamba sehemu za juu za mlima huo zilifunikwa na barafu nene katika zama za barafu zilizopita, na kwamba barafu hiyo iliyeyuka yote zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Hakuna aliyeiona akaacha habari zake. Hakuna simulizi ya wazee inayoitaja, kwa kuwa jamii zinazoishi huko leo zilifika muda mrefu baadaye. Hapo huzuka swali la kifalsafa lenye uzito wa kidini: binadamu anawezaje kudai kujua jambo lisilo na shahidi, na elimu hiyo ina nafasi gani mbele ya imani kwamba ulimwengu una Muumba?

Kwanza ni kuujua mlima wenyewe. Elgon ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kiko Uganda na kina mita 4,321. Koitoboss, upande wa Kenya, kina mita 4,222. Katikati ya vilele kuna kaldera, yaani bonde kubwa la mviringo lililobaki baada ya sehemu ya juu ya volkano kuporomoka ndani, lenye upana wa kilomita 8 hivi. Mto Suam hutoka humo kwa korongo la mashariki, ukawa Turkwel na kuishia Ziwa Turkana. Vijito vya miteremko ya kusini na mashariki huingia Mto Nzoia, ambao huyapeleka maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani hadi Ziwa Viktoria.

Kwenye sehemu za juu za mlima huo kuna alama ambazo lava, mvua na mito haziwezi kuzieleza. Mto wa maji huchonga bonde jembamba lenye umbo la herufi V. Barafu inayoteremka polepole kwa uzito wake hukwangua bonde pana lenye umbo la herufi U. Chini ya vilele vya Elgon yapo mabonde ya namna hiyo. Yapo pia mashimo ya mwamba yenye umbo la bakuli, ambamo theluji ilijikusanya ikageuka barafu, na katika baadhi yake kumebaki maziwa madogo kama Ziwa Kimilili, lililo juu ya mita 4,000. Vipo vilima virefu vya kifusi, viitwavyo moreni, ambamo mawe makubwa, changarawe na udongo laini vimechanganyika ovyo. Maji hupanga vitu yanavyobeba, vizito chini na vyepesi mbali. Barafu huvibeba vyote pamoja na kuvimwaga mahali inapoyeyukia.

Alama hizo hizo zilisomwa kwanza katika nchi za baridi. Mwaka 1837, Louis Agassiz aliwaeleza wanasayansi wenzake mjini Neuchâtel, Uswisi, kwamba barafu ya Alps iliwahi kuenea mbali sana na mahali ilipokuwa wakati huo. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba Skandinavia na Kanada zilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita 3 hivi mahali pengine. Ardhi ya huko bado inainuka baada ya kutuliwa mzigo huo: pwani ya Ghuba ya Bothnia, kati ya Uswidi na Ufini, hupanda karibu milimita 9 kila mwaka. Erik Nilsson, mwanajiolojia wa Uswidi aliyekulia elimu hiyo ya kaskazini, alizichunguza barafu za kale za Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1931. Alichokuta kwenye milima ya ikweta kilisomeka kwa kanuni zile zile za nchi yake.

Sababu ya Elgon kuwa na barafu kisha kuipoteza ni rahisi kufuata. Hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Leo hewa ya ukanda huu hufikia kiwango cha kuganda juu kidogo ya vilele vya Elgon, na ndiyo maana barafu imesalia tu kwenye milima inayouzidi Elgon kwa urefu: Kilimanjaro wenye mita 5,895, Kenya wenye 5,199 na Rwenzori wenye 5,109. Yapata miaka 21,000 iliyopita, joto la milima ya Afrika Mashariki lilikuwa chini ya la leo kwa nyuzi 5 hivi. Kiasi hicho kinatosha kushusha kiwango cha kuganda kwa mita 800 na kukifikisha chini ya Koitoboss. Chanzo cha mbali ni mabadiliko ya polepole ya mzunguko na mwinamo wa dunia, yaliyokokotolewa na Milutin Milanković wa Serbia, ambayo hupunguza au kuongeza jua la kiangazi huko kaskazini. Kilichofanya baridi hiyo ifike hadi ikweta ni pamoja na kupungua kwa kaboni dioksidi angani.

Umri wa matukio hayo hupatikana kwenye tope. Barafu inapoondoka, ziwa dogo au kinamasi huanza kujaa mboji na chavua ya mimea, tabaka juu ya tabaka. Kaboni 14 iliyomo katika mabaki hayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo kiasi kilichobaki huonyesha muda uliopita. Kwa njia hiyo watafiti Hamilton na Perrott walichapisha mwaka 1978 tarehe za kuondoka kwa barafu ya Elgon. Kabla yao, mwaka 1962, mtafiti Van Zinderen Bakker alitumia chavua ya kinamasi cha Kaisungor, katika milima ya Cherangani mashariki ya Kitale, kulinganisha hali ya hewa ya kale ya Afrika Mashariki na ya Ulaya. Tope la Ziwa Viktoria nalo lina tabaka la udongo uliokauka: ziwa hilo lilikuwa kavu yapata miaka 16,000 iliyopita, na Nzoia haikuwa na ziwa la kumiminia maji yake.

Sasa lije swali la elimu. Mahakama Kuu, iwe Kitale au Bungoma, yaweza kumtia mtu hatiani pasipo shahidi wa macho, kwa ushahidi wa kimazingira, lakini kwa masharti makali: kila kiungo kithibitishwe chenyewe, viungo vyote vielekee upande mmoja, na pasiwepo maelezo mengine yanayokubalika kwa akili. Ushahidi wa barafu ya Elgon hutimiza masharti hayo. Umbo la bonde, mchanganyiko wa moreni, chavua ya Cherangani na tope la Viktoria ni mambo yaliyopimwa na watu tofauti kwa njia tofauti, na yote yanaafikiana. Shahidi wa macho anaweza kusahau, kuogopa au kuhongwa, jiwe haliwezi. Linaloweza kukosea ni usomaji wa jiwe, na dawa yake ni kulisoma tena.

Mfano mwema wa kusoma tena ni William Buckland, kasisi wa Kanisa la Anglikana na mwalimu wa jiolojia huko Oxford. Mwaka 1823 alichapisha kitabu kilichodai kwamba vifusi na mifupa ya mapangoni ni masalio ya gharika ya Nuhu. Mwaka 1838 alikwenda Uswisi kuona ushahidi wa Agassiz, na mwaka 1840 wawili hao walizunguka Scotland, ambako Buckland alitambua alama za barafu mahali alipokuwa ameona gharika. Aliacha maelezo yake ya awali hadharani. Hakuacha ukasisi, mwaka 1845 akawa mkuu wa makasisi wa Westminster Abbey. Kilichoanguka kilikuwa tafsiri ya vifusi, na imani yake kwa Mungu haikuwa imejengwa juu ya vifusi.

Hata hivyo mwanafalsafa ana haki ya kuuliza: nani alisema barafu ya kale ilifuata kanuni za barafu ya leo? David Hume alionyesha katika karne ya 18 kwamba mazoea ya jana hayathibitishi kesho kwa mantiki tupu. Kwa hoja hiyo hiyo, ya leo hayathibitishi juzi. Karne nyingi kabla yake, Imamu al-Ghazali alifundisha kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake wenyewe, bali Mungu ndiye anayeziunganisha sababu na matokeo kwa desturi yake. Mafundisho hayo hayavunji elimu ya mawe. Kama utaratibu wa ulimwengu ni desturi ya Mungu asiyefanya mchezo, basi anayeamini ana sababu ya kuutegemea utaratibu huo. Mwanajiolojia hutegemea kwamba mwamba hukwanguka leo kama ulivyokwanguka jana, na muumini anaweza kuutaja msingi wa tegemeo hilo kwa jina.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Mwaka 1857, Philip Gosse, Mkristo mcha Mungu na mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alidai kwamba Mungu aliumba dunia ikiwa tayari na alama za umri ambao haikuwahi kuishi. Hakuna kipimo kinachoweza kulikanusha dai hilo, kwa kuwa kila ushahidi huhesabiwa kuwa sehemu ya uumbaji huo. Aliyeligundua kosa lake ni rafiki yake Charles Kingsley, naye kasisi: dai hilo linamfanya Mungu kuwa mwandishi wa uongo juu ya mawe. Hapo ndipo kiini cha suala lote. Moreni za Elgon zinasema kweli, au Muumba amepanga mawe ili kumdanganya kiumbe aliyempa akili ya kuyasoma. Dini inayomwita Mungu mkweli haiwezi kuchagua jibu la pili bila kujivunja yenyewe.

Mapokeo ya dini zenyewe yamelijua jambo hili tangu kale. Mtakatifu Agustino, askofu wa Afrika Kaskazini, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu mambo ya asili kwa kisingizio cha Maandiko, wasije wakaidhalilisha imani mbele ya wajuzi. Katika Uislamu, Ibn Sina aliandika kwamba milima na mabonde huundwa kwa nguvu zinazofanya kazi kwa muda mrefu sana. Al-Biruni aliyatazama mashapo ya mito ya India na kukata kauli kwamba nyanda zake ziliwahi kuwa bahari. Zaburi ya 90 huihesabu milima kuwa vitu vyenye mwanzo, na Kurani hutaja siku ambayo milima itaondolewa mahali pake. Hakuna kitabu kati ya hivyo kinachoufanya mlima kuwa wa milele.

Imani ya Wabukusu yaenda njia hiyo. Wele Khakaba ndiye muumba, na Mwambu na Sela ni mume na mke wa kwanza. Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde kutoka eneo la Kimilili kuanzia miaka ya 1940, iliuheshimu Mlima Elgon katika sala zake na kuuhusisha na wahenga. Kujua kwamba mlima huo uliwahi kuwa volkano, kisha ukavaa barafu, kisha ukaivua, hakuondoi heshima hiyo. Mlima haukuhitaji kuwa na sura moja siku zote ili uwe mahali pa kuomba. Aliyeombwa ni Wele.

Limebaki swali la wajibu. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa hali ya hewa imebadilika tangu kale, hakuna wa kulaumiwa leo. Hoja hiyo ina kosa. Kifo ni cha asili, lakini hilo halimwachilii muuaji; mabadiliko yana visababishi, na kila kisababishi huulizwa peke yake. Kaboni dioksidi ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni wakati wa barafu ya Elgon na karibu 280 kabla ya viwanda. Sasa imepita 420, na kilichoongezeka tangu viwanda kimetokana na kazi za watu. Barafu ya Mlima Kenya imebaki vipande vichache. Kwenye miteremko ya Elgon yenyewe, huko Bududa nchini Uganda, maporomoko ya Machi 2010 yaliua mamia ya watu. Mvua kubwa iliyakuta makazi yamebanana kwenye miteremko mikali iliyokwisha kukatwa miti.

Anayejua kwamba Masaba ulipoteza barafu yake, na kwamba Ziwa Viktoria liliwahi kukauka, hawezi kudai kwamba misitu na mito ya Elgon itadumu yenyewe. Viongozi wa dini wa Bungoma na Trans Nzoia, wanaosikilizwa kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, wana haki ya kuifundisha historia ya mlima huu bila hofu, na wana wajibu wa kuwaambia waumini kwamba kukata msitu wa chemchemi zake ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya watoto watakaoyahitaji maji ya Nzoia.