Raba ni ya Nani?

Wengi wanaochora kwa rangi za maji huanza na penseli, na wengi huiona hatua hiyo kuwa kazi ya ufundi tu: pima, panga, kisha uanze kazi yenyewe. Mimi naona swali la maadili liko hapohapo kwenye penseli. Rangi inakuja kutekeleza kilichokwisha kuamuliwa.

Sababu iko kwenye rangi zenyewe. Rangi ya mafuta inavumilia: usipoipenda, unapaka nyingine juu. Rangi ya maji ni kama chai nyepesi, inaonyesha kilicho chini yake. Weupe wake hautoki kwenye chupa. Ni karatasi uliyoiacha bila kuigusa. Ukitaka mwanga wa saa tano juu ya bati la nyumba hapa Ihanda, lazima uamue mapema ni wapi brashi haitafika. Na mstari ukishafunikwa na rangi, raba haifui dafu. Yaani mchoro wa awali ndio nafasi ya mwisho ya kukataa jambo bila kuacha kovu.

Akatae nani? Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Karagwe ilichorwa mapema. Novemba 1861 Speke na Grant walifika kwa Rumanika, Mfalme wa Karagwe. Januari 1862 Speke akaendelea na safari ya Buganda. Grant, mguu ukimtesa, akabaki hadi Aprili. Grant ndiye aliyekuwa akichora, kwa penseli na kwa rangi za maji. Speke naye alimpima shemeji wa mfalme, mkono, kifua, paja, na vipimo vile vikaingia kwenye kitabu chake cha mwaka 1863. Picha nyingi za kitabu hicho zilitokana na michoro ya Grant, ila zilichorwa upya na kuchongwa Uingereza ili zichapwe kwa wino mweusi. Waliochorwa walikuwa huku, uamuzi wa mwisho ukafanyika kule.

Simlaumu Grant kwa kuchora. Nafurahi kwamba michoro yake ipo, imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ninachouliza ni kimoja: mtu anapochorwa, raba inakuwa mkononi mwa nani?

Nina jirani, bibi mmoja, aliyekubali nimchore akiwa amekaa kibarazani, migomba nyuma yake. Nilipomaliza penseli nikampelekea karatasi kabla ya kulowesha brashi. Aliitazama muda mrefu. Makunyanzi hakuyajali, wala kanga iliyochakaa. Kisha akaweka kidole mahali pamoja, akaniambia kwa Kinyambo, "Mjukuu wangu, hiki kiache." Nikamjibu, "Sawa, Bibi," nikafuta mbele yake. Sisemi kilikuwa nini. Nikikitaja hapa nitakuwa nimekichora upya, tena mbele ya watu wengi zaidi.

Rafiki yangu mchoraji hakupendezwa. "Ukianza kuomba ruhusa," alisema, "utaishia kuchora picha za kalenda. Kila mtu atataka awe mzuri. Ukweli utausema lini?"

Hoja yake ina uzito. Tuseme tajiri mwenye mashine ya kukoboa kahawa ananiagiza picha, halafu ananitaka niufute mfereji unaomwaga uchafu shambani kwa jirani. Hapo raba simpi. Ukimya wangu ungemlinda yeye na kumwumiza mwingine. Bibi aliomba kisicho mtaji wa mtu, kisichomdhuru yeyote kikikosekana. Alikuwa akilinda kilicho chake mwenyewe. Basi kipimo changu ndicho hicho: kabla ya kufuta najiuliza ni nani atakayelipa gharama ya ile nafasi nyeupe. Kama hakuna, mwenye mwili ndiye mwenye neno.

Je, picha yangu imedanganya? Sidhani. Ningedanganya kama ningemwongezea meno aliyopoteza au nyumba asiyokuwa nayo. Kuacha ndiyo kawaida ya rangi za maji. Hata mwanga wake ni kitu kilichoachwa. Ila nakiri kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Waliokufa hawawezi kuonyeshwa mchoro. Watoto watasema ndiyo kwa chochote. Na kuna mtu anayeogopa kukataa kwa sababu wewe una karatasi na yeye hana. Ndiyo ya namna hiyo haina thamani kubwa. Kwa hao sina kanuni, nina mkono mwepesi tu: nachora kwa mistari hafifu, nikijua penseli ikikandamizwa huchimba karatasi, na rangi ikija hutuama kwenye mtaro ule hata kama mstari umefutwa.

Nawauliza ninyi wasomaji, hasa mnaoandika. Rasimu ya hadithi nayo ina mama wa mtu ndani yake, ina mjomba, ina mpenzi wa zamani aliyebadilishwa jina tu. Mnamwonyesha lini? Kabla ya rangi, au siku ya uzinduzi wa kitabu?