Shamba la Marehemu

Mtu akistaafu Dar es Salaam hakosi washauri. Kabla mafao hayajaingia benki, yuko wa kumwambia anunue bodaboda tano, yuko wa kuku wa mayai, na walio wengi watasema nyumba. Jenga vyumba, pangisha, ule kodi. Ushauri huo ulipata nguvu zaidi Julai 2022, kikokotoo kipya kilipoanza kumpa mstaafu asilimia 33 ya mafao kwa mkupuo na kumwachia zilizobaki zije kidogo kidogo kila mwezi. Mkupuo ukipungua, hofu ya kuutawanya huongezeka, na mwenye hofu hukimbilia tofali, kwa kuwa tofali haliugui mdondo.

Tumchukue muuguzi mmoja aliyestaafu mwaka huo akiwa na shilingi milioni 40. Hakuwa mjinga. Mwaka 2017 aliona nyumba za Kimara na Mbezi zikibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo aliona X nyekundu zikipakwa kwenye kuta za watu wa bonde la Msimbazi. Kwa hiyo dalali alipompeleka Chanika kutazama kiwanja cha mita 20 kwa 20, aliuliza maji ya mvua yanapita wapi, akahesabu hatua hadi barabara kubwa, akauliza nguzo za umeme zimesimama upande gani. Yote yalikuwa maswali mazuri. Yalikuwa pia maswali ya misiba ambayo tayari alikuwa ameishuhudia ikiwapata wengine, na msiba wake mwenyewe ulikuwa umekaa mbele yake umevaa baraghashia, unamchongea dafu.

Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye salamu ndefu. "Hapa ni kwa marehemu baba," alisema, akionyesha kwa mkono mikorosho na migomba mpaka bondeni. Hapo ndipo swali lilipopaswa kutoka: marehemu aliacha watoto wangapi, mirathi ilifunguliwa, na msimamizi ni nani? Muuguzi alilifikiria, maana aliyefanya kazi wodini miaka zaidi ya 30 anajua ndugu wanavyoibuka mtu akishafariki. Lakini utamuulizaje mtu habari za urithi wa babake ukiwa umekaa kwenye mkeka wake, unakunywa dafu lake? Lingesikika kama tuhuma. Na dalali hakumpa nafasi ya kumeza mate. "Mama, kuna mteja mwingine anakuja saa kumi." Mteja wa saa kumi ndiye mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wote mjini, na hakuna aliyewahi kumwona akifika.

Siku mbili baadaye milioni 6 na laki tano zilihesabiwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ya mauziano ikagongwa muhuri, watu wakapeana mikono. Muuguzi alirudi nyumbani akiamini amemiliki.

Muhuri ule unashuhudia tu kwamba fulani amemuuzia fulani. Hausemi kama fulani alikuwa na haki ya kuuza. Kwa sheria za Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na raia anachomiliki ni haki ya kuitumia. Kwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati, haki hiyo inakaguliwa kwa Msajili wa Hati kwa ada ndogo, na mwenye haraka hana kisingizio. Kwenye shamba la kukatakata ambalo halijapimwa hakuna cha kukagua huko. Kinga yako ni watu: majirani wa pande zote nne, wazee wa mtaa, na pale mwenyewe anapokuwa amefariki, karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inayomtaja msimamizi wa mirathi, pamoja na saini za warithi wenziwe. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Inahitaji kuvumilia kuonekana huna adabu kwa muda wa dakika tano, na hapo ndipo wengi wetu, hasa tuliolelewa vizuri, tunaposhindwa.

Ujenzi nao ulikuwa na aibu yake. Fundi alikadiria milioni 27 kwa vyumba sita, na muuguzi hakumwomba aandike mchanganuo wa tofali, nondo, saruji na bati, kwa kuwa kijana aliletwa na shemeji yake. Msingi ulikula zaidi ya makadirio. Boma likasimama, likapauliwa, na fedha zikaisha kabla ya plasta na milango. Boma si aibu. Dar imejaa maboma yanayosubiri mwenyewe apate nguvu, na wengine wamehamia humo wakiwa na mlango mmoja na madirisha ya turubai. Ila kwenye kikoba waliokuwa wakimwita Sista tangu enzi za wodini walikuwa wakiuliza kila Jumamosi, "Umefikia wapi?" Kwa ajili ya swali hilo, si kwa ajili ya nyumba, akakopa milioni 4 kausha damu kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Aliyemkopesha hakuwa na leseni wala ofisi, alikuwa na simu tu. Kwa miezi mitano muuguzi alilipa riba ya milioni 4, sawa na mkopo wenyewe, na mkopo ukabaki palepale.

Ndugu watatu wa muuzaji walijitokeza rangi ilipokuwa inapakwa. Watu huwalaumu kwa kusubiri mpaka nyumba iishe, na pengine ni kweli kwa baadhi yao, lakini mtu anayeishi Kisarawe hajui shamba la babake limeuzwa mpaka apite aone paa. Shauri lilianzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30 njia inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kuna mawakili, tarehe na ahirisho. Muuguzi alilala vibaya wiki zote hizo, presha ikapanda, na yeye aliyewapima watu presha maisha yake yote hakutaka kupimwa. Mwishowe walikubaliana: ndugu wakafungue mirathi, wamteue msimamizi, mkataba uandikwe upya, naye aongeze milioni 5. Yule mpole wa madafu alikuwa amekwisha kuzitumia zile za kwanza.

Sasa hesabu, ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya yote kwenye kipande cha boksi la sabuni. Vyumba sita kwa shilingi 60,000 ni 360,000 kwa mwezi, yaani milioni 4.32 kwa mwaka. Mkupuo wake wote na ule mkopo ni milioni 44, kwa hiyo hata bila riba wala ndugu fedha zingerudi baada ya miaka 10 na ushee. Ukiongeza riba na ile milioni 5 inakuwa milioni 53, zaidi ya miaka 12. Na hapo umekubali kwamba hakuna chumba kitakachokaa kitupu hata mwezi mmoja, karo halijai na bati halivuji.

Chumba hukaa kitupu. Mara ya kwanza ilipotokea, muuguzi alishtuka, akashusha kodi hadi 45,000 ndani ya wiki mbili, na wapangaji wengine waliposikia wakadai washushiwe pia. Alikuwa akipokea kodi mkononi, akikaribishwa kiti, akisimuliwa homa ya mtoto na kazi iliyosimama, akiondoka na nusu ya kodi na jina la dawa aliyoshauri. Mpwa wake ndiye aliyemwandikia mikataba ya miezi mitatu mitatu, na kodi sasa inaingia benki. Mjumbe anashuhudia mpangaji anapoingia na anapotoka. Mpangaji mmoja alimwambia siku hizi amebadilika, naye akamjibu kuwa karo linanyonywa kwa fedha taslimu.

Chumba cha nne kimekuwa kitupu tangu Machi. Dalali amempigia mara kadhaa akitaka ashushe bei, kuna mteja anakuja saa kumi. Kibao cha mlangoni bado kinasema 60,000.